Kila Kitu Kimo, Hata Mapokezi

Simu ya ofisi ile ilikuwa na adabu ya kutia shaka. Ililia mara moja, kifupi, halafu ikanyamaza. Mwenye ofisi akiinyanyua, alikuta kimya kizito upande wa pili, kama cha mtu aliyeziba simu kwa kiganja akisubiri mwenzake aondoke. Akisema "haloo" hakujibiwa. Akiirudisha mahali pake, alisikia ng'ambo ya ukuta kiti cha ofisi chenye magurudumu kikijisogeza upande wa mapokezi, na sauti ya mwanamke ikizungumza chini chini na mtu asiyemwona.

Hakujali. Aliambiwa huduma zote zimo, na kupokelewa simu ni huduma. Mtu anayepokelewa simu ana la kulalamika?

Alikuwa mchora ramani za nyumba. Kwa miaka mingi alichora kwa jina la bosi, bosi akasifiwa, yeye akaumwa mgongo. Siku alipoamua kujitegemea, ofisi yake ikawa meza ya kulia chakula, na bintiye, waliyemwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi shavuni, akawa anamwaga uji juu ya sebule za watu. Baba wa mtoto alishajiondokea zamani, kimya kimya, kama mtu anayetoka kwenye kikao kirefu. Wakabaki wawili, mama na mtoto. Yule mtoto ndiye alikuwa utajiri wake wote, ingawa kwa jinsi kazi zilivyombana, mara nyingi alimwambia, "Subiri kidogo, mwanangu, mama ana kazi."

Chumba alikipata kwa dada yake. Dada huyu alikuwa mkubwa wake wa tumbo moja, ndiye aliyemfunga nywele na kumfulia sare mama yao alipofariki, na neno lake ndani ya familia halikupingwa. Alikuwa wakala wa bima, na alipanga chumba kwenye jengo la ofisi za huduma, kule pembeni ya mji, katikati ya duka la rangi na chuo cha udereva ambako magari ya wanafunzi yalizimika barabarani kutwa nzima.

"Meza imo, kiti kimo, umeme, intaneti, usafi, chai," dada alimwambia akihesabu kwa vidole. "Ukitaka kukaa mwezi, unakaa mwezi. Ukichoka, unamwachia mwenzio, hakuna anayekuuliza. Kila kitu kimo. Hata mapokezi yamo."

"Sasa pazuri hivyo, wewe unapaacha kwa nini?"

"Shemeji yako anataka nifanyie kazi nyumbani." Dada akacheka kidogo, akarekebisha mtandio ambao haukuwa na kasoro yoyote. "Ila kuna jambo moja dogo. Ukiwa unatoka, pitia pale kwenye kioo, useme 'nipokelee.' Wana utaratibu wao. Usipowaambia kwa mdomo wako mwenyewe, hawagusi kitu."

"Nimwambie nani?"

"Sema tu. Utasikika."

Mdogo mtu hakuuliza zaidi. Tangu utotoni, dada akisema vaa sweta, alivaa hata jua likiwaka.

Mapokezi yalikuwa mwanzoni mwa ukumbi, pembeni kidogo ya mlango mkubwa. Ilikuwa kaunta ndefu iliyozibwa hadi juu kwa kioo cha ukungu, kile kinachopitisha mwanga bila kuonyesha sura, na chini yake tundu dogo la nusu duara kama la mkata tiketi. Mbele ya tundu palikuwa na chombo cha maua. Maua yalikuwa mabichi kila siku, lakini maji yake yalinuka uvundo wa maji yaliyokaa sana. Nyuma ya kioo kilionekana kivuli cha mwanamke aliyeketi.

Siku ya kwanza mchora ramani aliinama penye tundu. "Dada, habari za kazi? Mimi ni mgeni wa chumba hiki cha jirani. Natoka kidogo kwenda shuleni kwa mtoto. Simu ikilia, nipokelee."

Kivuli kilitulia. Halafu kikainamisha kichwa.

"Nimepokea," ikajibu sauti.

Alitembea hadi kwenye ngazi za nje akijichekea. Watu husema sawa, husema haya, husema hamna shida. Huyu kasema nimepokea, kama mtu aliyekabidhiwa mzigo. Akasema moyoni, angalau wana heshima.

Kazi zikaja, tena kwa wingi. Akichora alizima simu yake ya mkononi, kwani mstari ukishakatika akilini haurudi, na namba aliyowapa wateja ilikuwa ile ya mezani. Ndipo sifa zikaanza. Mteja mmoja, mwalimu mstaafu aliyekuwa anajenga nyumba ya uzeeni, alikuja kuangalia ramani yake akiwa ametabasamu hadi magego yanaonekana.

"Mama, siku hizi una sauti ya asali," alisema. "Zamani ulikuwa unanijibu kama askari. Sasa tunaongea hadi nasahau nilichopigia. Tena mwishoni unaniuliza, nikusaidie nini kingine? Mpaka naona haya."

"Huyo si mimi, mwalimu. Ni dada wa mapokezi."

"Dada gani wa mapokezi anayejua habari za goti langu? Ni wewe. Au unafikiri uzee umenifika masikioni?" Akaigongagonga karatasi kwa kidole. "Na hiki ndicho kile chumba tulichokubaliana. Umekichora vizuri."

Mchora ramani akainama. Pembeni ya mlango wa mbele wa nyumba ya mstaafu palikuwa na chumba kidogo kisicho na dirisha. Hakukumbuka kukichora. Lakini alama ya komeo ilikuwa yake, kiduara kidogo alichozoea kukiweka tangu chuoni na ambacho hakuna mchoraji mwingine aliyekiweka. Alipobaki peke yake, akafungua ramani nyingine kwenye kompyuta, halafu nyingine, za wateja wasiojuana, ya ghorofa na ya banda la uani, na kote, ubavuni mwa mlango, kilikaa chumba kile kile kisicho na dirisha, na ndani yake kimechorwa kiti kimoja.

Akainuka akaenda kwenye kioo. Ilikuwa mchana kweupe, nje mwanafunzi wa udereva alikuwa anafokewa na mwalimu wake, na hilo lilimpa ujasiri.

"Samahani, dada," akasema penye tundu. "Nani amekwambia uongee na wateja wangu kuhusu ramani?"

Kivuli kikainua kichwa. "Wewe," kikajibu.

Sauti ilikuwa yake. Haikuwa inayofanana naye. Ilikuwa yake hasa, pamoja na mkwaruzo mdogo aliobaki nao baada ya kuugua koo utotoni, ila imelainishwa, imeondolewa uchovu wote, kama shati lake mwenyewe lililopigwa pasi na mtu mwingine.

Mtu mwenye akili timamu angechukua mkoba wake akaondoka. Yeye alikuwa na hasira, na hasira humpa mtu miguu isiyokuwa yake. Akazunguka upande wa pili hadi kwenye mlango mwembamba wa mapokezi, akausukuma bila hodi. Ndani hapakuwa na mtu. Palikuwa na kiti cha magurudumu kikizunguka taratibu, meza yenye vumbi la kuandikia kwa kidole, na simu ya zamani ambayo waya wake ulining'inia bila kuchomekwa popote, na harufu ya yale maji ya maua ilikuwa nzito kiasi kwamba aliisikia ulimini. Akagusa kiti kukizuia kisizunguke, na kiti kilikuwa na joto, joto la mtu aliyekaa muda mrefu, na alipoinua macho kukitazama kioo kwa upande huu wa ndani akaona kule nje, pale alipokuwa amesimama yeye punde tu, kivuli cha mwanamke kimeinama penye tundu, kimeweka kiganja kwenye kaunta kama alivyokiweka yeye, na midomo ambayo hakuiona ikasema kwa sauti yake, kwa upole, "Dada, habari za kazi?"

Hakujua alitokaje. Alijikuta nje ya duka la rangi, ameshika nguzo, na muuzaji anamuuliza kama anataka rangi ya maji au ya mafuta.

Alifika shuleni amechelewa. Wanafunzi waliosubiri wazazi walikuwa wamebaki wachache, wako chini ya uangalizi wa mwalimu wa zamu. Alitegemea kumkuta Kidoti amenuna kama kawaida. Badala yake mtoto alikuwa anachora, ametulia.

"Pole mwanangu. Umenisubiri sana?"

"Sijasubiri. Nilikuwa naongea na wewe."

"Na mimi?"

"Kwa simu ya mwalimu. Kila siku tunaongea. Leo umenimalizia ile hadithi ya sungura." Mtoto akamtazama kwa makini, kama anayelinganisha vitu viwili. "Kwenye simu huna kazi, mama. Kwenye simu una muda."

Mama akapiga magoti pale pale sakafuni, akamshika mabega. "Huwa ninakwambia nini kingine?"

"Huwa unaniuliza, nikusaidie nini kingine. Mimi nikasema njoo unichukue. Ukasema utakuja, ila bado hujaambiwa."

Usiku ule alilala na mtoto kitanda kimoja, mkono wake umezunguka kiuno kile chembamba, na hakufumba jicho. Alielewa kitu kimoja tu, na kilimtosha. Alikiambia kitu kile kimpokelee simu, kikampokelea kila kilichokuja kwa simu: wateja, sifa, masikio ya mwanawe. Mtoto mwenyewe kilikuwa hakijampokea kwa sababu tu hakijaambiwa.

Chumba cha mwisho cha ukumbi ule kilikuwa na kibao kilichosema "Mshauri wa Familia na Biashara." Aliyekaa humo alivaa tai, alikuwa na mashine ya kuchapia na kalenda ya benki ukutani, na alikuwa mganga. Wapangaji wote walilijua hilo na wote walijifanya hawalijui. Mchora ramani alimsimulia yote kwa kunong'ona, kwani ukuta wake nao ulikuwa wa mbao nyembamba.

Mganga hakushangaa. Hilo lilimuudhi mwanamke kuliko kama angeshangaa.

"Jini lile lilikuwepo hapa kabla ya jengo," alisema. "Halina sura, halina sauti, halina kazi. Kazi yake ni kupokea. Ukiliambia likupokelee, linavaa sauti yako, na likizoea linavaa sura yako. Na ya yeyote mwingine aliyewahi kuliambia."

"Kumbe unajua. Tunapishana ukumbini kila siku. Mbona hukuniambia?"

"Wewe uliniuliza? Unanisalimia huku unakimbia." Akalegeza tai kidogo, akaona haya, akaikaza tena. "Sikiliza. Likipokea kitu chenye roho, linapata pa kuishi, litaondoka pale kwenye kiti. Na kiti kile hakikai wazi. Umenielewa?"

Alielewa nusu. "Linatolewaje?"

"Neno lile mtu halijui mpaka afundishwe. Nani alikufundisha kusema nipokelee?"

Akilini mchora ramani alimwona dada yake akirekebisha mtandio usio na kasoro.

"Dada yangu," akasema.

"Basi alilitoa kwake akakutwika wewe. Lazima aje mwenyewe, asimame pale, aseme: changu nimekuja kukipokea. Akisema kwa hiari yake, linamrudia, na akiwa nalo mkononi mimi naweza kulifunga. Asipokuja, sina la kufanya. Na mpaka hapo," akamnyooshea kidole, "neno lile lisitoke mdomoni mwako. Usimwambie mtu yeyote, kwa kitu chochote, hata mzigo wa sokoni."

Alimkuta dada nyumbani kwake, anakunja nguo. Hakumsalimu. "Ulijua," alimwambia.

Dada alikunja shati hadi likawa dogo kama leso. Halafu akaketi juu ya kitanda, katikati ya nguo, na uso wake ukaanguka.

"Shemeji yako alikuwa ananipigia simu mchana," alisema taratibu. "Anacheka, ananiita majina ya uchumba. Akirudi jioni ananikuta mimi, ananuna. Siku moja akaniambia, wewe ofisini ni mtu mzuri sana, kwa nini huyo mwanamke huji naye nyumbani? Mdogo wangu, nilianza kuogopa kwamba siku moja atakuja naye. Nikaambiwa, ukimpata mtu akaliambia kwa mdomo wake, wewe unapona."

"Ukanitafuta mimi."

"Nilijaribu kwa wengine. Kila mtu alitaka kujua kwanza kaunta ile ina nini." Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti ilibaki imara, ile ile ya kusema vaa sweta. "Wewe hujawahi kuniuliza."

Mdogo mtu alikuwa amejiandaa kwa matusi na alikuwa nayo mengi. Hilo lilimwondolea yote. Angekuwa amechaguliwa kwa chuki angeweza kuchukia. Alichaguliwa kwa sababu alipenda, akaaminiwa kuwa mjinga, na akaonekana ndiyo hivyo kweli.

"Kidoti anaongea nalo," akasema. "Kesho utakuja ulichukue. Saa nane, kabla shule haijafunga. Nikitoka hapa bila ahadi yako, sina dada."

"Nitakuja."

"Kwa roho ya mama."

Dada akarudia: "Kwa roho ya mama."

Kesho yake jengo lilikuwa kimya. Mganga alijifungia chumbani kwake na ubani wake, akisubiri kuitwa. Mchora ramani alikaa mlangoni pa chumba chake, akikitazama kioo cha mapokezi. Kivuli hakikuwepo. Kilikuwa hakipo tangu asubuhi, na alifurahi, akaona limeogopa.

Saa nane ilipofika, mlango mkubwa ukafunguka na dada akaingia. Alionekana mchovu lakini mtulivu, mtandio umekaa vizuri. Mdogo mtu alisimama, na ile hasira yote aliyolala nayo ikamtoka kwa kumwona tu amekuja. Amekuja. Pamoja na yote, amekuja.

"Hata salamu?" dada akauliza kwa upole.

"Sema kwanza. Salamu baadaye."

Dada akaenda penye tundu, akaweka kiganja juu ya kaunta, akainama. "Changu," akasema, "nimekuja kukipokea."

Hakuna kilichoanguka, hakuna taa iliyozimika. Maua tu yaliinama kidogo. Mahali fulani ndani, kiti kikaguna na kunyamaza. Mchora ramani akasikiliza, na kwa mara ya kwanza katika ukumbi ule akasikia ukimya wa kawaida, ule wa jengo ambalo watu wake wako kazini. Akamkumbatia dada yake, akalia shingoni kwake kama alivyolia siku ya mazishi ya mama yao, na ile harufu ya maji ya maua ilikuwa nzito lakini hakuitilia maanani, kwani walisimama karibu na chombo.

"Nilidhani hutakuja," akasema. "Nilishakuzika moyoni."

"Nipo." Dada akampapasa mgongo. "Haya, mdogo wangu. Nikusaidie nini kingine?"

Akafuta kamasi kwa kiganja, akacheka kidogo. Mtu aliyetua mzigo hukumbuka vitu vidogo vyote alivyoviacha nyuma. Mwalimu mstaafu alikuwa njiani kuja kufuata ramani yake, na chumba kile kisicho na dirisha kilikuwa bado hakijafutwa. Mganga naye hajaitwa. Na shule inafunga.

"Kidoti anatoka sasa hivi," akasema. "Nipitie shuleni, dada yangu. Nipokelee mtoto."

"Nimepokea," dada akasema, akaondoka.

Alirudi mezani, akafungua ramani ya mstaafu, akaanza kufuta. Akafuta ukuta wa kwanza wa kile chumba, wa pili, akafuta mlango na komeo lake la kiduara. Alipofika kwenye kiti, mkono ukasimama.

Watu husema sawa. Watu husema haya.

Alimpigia dada yake simu. Ilipokelewa upesi mno, na nyuma yake akasikia redio ya nyumbani kwa dada na sufuria likichemka.

"Mdogo wangu, nisamehe," dada alikuwa anasema tayari, analia. "Nilifika mpaka pale kwenye kona ya duka la rangi. Nikaona jengo. Miguu ikakataa. Nikafikiria mume wangu, nikafikiria nyumba yangu. Nisamehe. Ungekuwa wewe ungefanya nini?"

Mdogo mtu alikuwa anakimbia.

Mwalimu wa zamu alimtazama kwa mshangao akiingia getini anahema, kiatu kimoja kimefunguka. "Umesahau kitu? Si ndiyo kwanza umetoka hapa na mtoto?" Akatabasamu. "Leo nimefurahi kukuona umewahi. Mmesema mnapitia ofisini kuchukua mkoba."

Alirudi kwa njia ile ile, akipita magari ya wanafunzi yaliyozimika, akimpita muuzaji wa rangi aliyemwita na hakumsikia, na kila hatua alikuwa akisema moyoni nimekuja kumpokea mwenyewe, nimekuja kumpokea mwenyewe, kwani hakujua neno jingine la kusema na alitumaini kwamba neno lililofungua mlango linaweza pia kuufunga, na alipofika ukumbini akasikia sauti yake mwenyewe inasimulia habari za sungura, polepole, bila haraka yoyote, kama mtu ambaye hana kazi nyingine duniani, na mtoto anacheka, cheko lile la tumboni ambalo yeye hakulisikia tangu lini, hakukumbuka tangu lini.

Akausukuma mlango mwembamba wa mapokezi.

Mwanamke aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu alikuwa yeye. Nguo zilikuwa zake, mkoba wake begani, alama ya kalamu kwenye kidole cha kati. Ila macho hayakuwa na deni la usingizi, na mgongo ulikuwa umenyooka. Kidoti alikuwa mapajani, ameegemea.

"Kidoti," akaita. "Njoo, mwanangu. Twende nyumbani. Nimekuja kukupokea mwenyewe."

Mtoto akamtazama. Akamtazama kuanzia kiatu kilichofunguka, jasho, nywele zilizovurugika, hadi mdomo uliokuwa unatetemeka. Akageuka akautazama uso uliokuwa juu yake, uliotulia, unaomsubiri aseme anachotaka kusema bila kumwambia asubiri. Alilinganisha kwa makini kama alivyofanya siku ile shuleni.

"Mama," akanong'ona, na hakuwa anamwambia yeye. "Huyu nani?"

"Ni dada wa mapokezi," sauti yake ikajibu. "Msalimie."

"Shikamoo," mtoto akasema.

Akataka kupiga kelele. Akataka kumvuta mtoto kwa mkono, na mkono haukuinuka. Jina la mwanawe lilikuwa limemfika kooni na halikutaka kupanda. Waliinuka, wakampita mlangoni karibu sana, vidole vidogo vimo ndani ya vidole vyake ambavyo havikuwa vyake, na hakuna aliyemgusa. Miguu yake ikarudi nyuma yenyewe, hatua kwa hatua, hadi kiti kikampokea. Kilikuwa bado na joto. Kwa upande ule wa ndani, kioo hakikuonyesha kitu ila vivuli viwili, kirefu na kifupi, vikienda kwenye mlango mkubwa. Kirefu kikasimama, kikarudi penye tundu, kikainama.

"Dada," kikasema kwa adabu, "simu ikilia, nipokelee."

"Nimepokea," mdomo wake ukasema.

Hawakuwa wamemaliza ngazi za nje simu ilipolia. Mkono uliokataa kumshika mtoto ukainuka wenyewe ukaishika. Kulikuwa na redio nyuma, na sufuria, na mtu anayelia.

"Mdogo wangu?" dada akasema. "Umefika? Umempata Kidoti? Niambie nije. Sasa hivi ninakuja, naapa. Sema neno tu."

Alikuwa na maneno mengi. Alikuwa na njoo, na nisaidie, na umeniua dada yangu kwa mkono uliokuwa unanifunga nywele. Aliyakusanya yote nyuma ya meno, akayasukuma kwa nguvu zake zote zilizobaki, na yalipotoka yalikuwa laini, hayana uchovu, hayana mkwaruzo.

"Nikusaidie nini?" akauliza.

Upande wa pili kilio kikakatika. Kilibaki kimya, na ndani yake pumzi ya mtu aliyekwishawahi kuisikia sauti ya namna ile na anayejua ni ya nini. Aliisubiri pumzi ile iseme jina lake.

Dada akakata simu.